Kapteni, Mota na Kifungu cha Nne

Dobi mmoja alikuwa akiitwa Kapteni, na cheo hicho hakukipata melini wala jeshini. Alikipata kwenye kapu la nguo zisizofuatwa. Mteja fulani alileta kofia nyeupe yenye nanga ya uzi wa dhahabu kwenye paji, akasema ataifuata Ijumaa, na Ijumaa hiyo haijafika mpaka leo. Tangazo la dukani, lililobandikwa juu ya meza ya pasi, lilisema nguo isiyofuatwa kwa miezi sita ni mali ya dobi. Yeye kwa uungwana wake alingoja miaka mitatu. Siku ya kwanza ya mwaka wa nne akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha wateja, na tangu hapo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu.

Kofia ndiyo iliyompeleka bwawani. Huwezi kuvaa nanga kichwani halafu ukae na pasi maisha yako yote. Nje ya mji palikuwa na machimbo ya kokoto yaliyoachwa. Mvua za miaka mingi ziliyajaza, yakawa bwawa la maji ya kijani, na kila Jumamosi asubuhi watu wazima saba walikutana pale kuendesha boti ndogo kwa rimoti. Ukiziita za kuchezea wanakununia mwezi mzima. Wao walisema "vyombo". Walikuwa na chama, chama kilikuwa na katiba, na katiba iliandikwa na Mwenyekiti, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye hata akiagiza chai huiagiza kwa vifungu.

Vifungu vingi vya katiba hiyo havikumsumbua mtu. Kilichomsumbua Kapteni kilikuwa cha nne: "Chombo kikizimika majini, mwenye chombo atakifuata mwenyewe, kwa kuogelea, bila kumtuma mtu."

Kapteni hakujua kuogelea. Sisemi alijua kidogo, hakujua kabisa. Mtu aliyekaa miaka thelathini mikono ikiwa majini mpaka viwikoni hakuwahi kulowesha magoti kwa hiari yake. Maji ya karo aliyaamini kwa sababu aliyafungulia mwenyewe na kuyazibulia mwenyewe. Maji yaliyojileta, yasiyo na bomba wala kizibo, hayo alikuwa na mashaka nayo makubwa.

Kwa miaka sita aliificha aibu hiyo kwa kuendesha chombo chake hatua tatu tu kutoka ukingoni, mahali ambapo angeweza kukivuta kwa upondo wa kuinulia kamba za nguo. Akiulizwa mbona haendi mbali, alikohoa na kusema nahodha wa kweli hujulikana bandarini. Wenzake waliitikia kwa vichwa na kuendelea kuendesha vya kwao hatua nne kutoka ukingoni. Hakuna aliyemcheka. Angekuwa na utulivu wa kufikiri angelitilia shaka jambo hilo, maana watu wale walicheka kila kitu kingine.

Aliyeijua siri ni mmoja tu, mke wake, waliyepiga naye pasi meza moja. Huyu alizaliwa kando ya mto, na mama yake alikuwa akisema mtoto huyu aliogelea kabla ya kujua kusema "maji".

"Nipe Jumamosi tatu," alimwambia mumewe kila mwaka. "Nakushika tumbo, wewe unapiga miguu. Basi."

"Mtu mzima na kofia yake, ashikwe tumbo na mkewe mbele ya watu?"

"Kofia utaivua."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo."

Mambo yangeendelea hivyo mpaka uzeeni kama isingekuwa barua. Chama kingine cha vyombo, cha mji wa jirani, kiliandika kutoa salamu, na salamu zenyewe zilianza hivi: "Kwa ndugu zetu wa beseni." Mwenyekiti aliisoma mbele ya wanachama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena kama mtu anayetafuta kosa la mwandishi. Kisha akatangaza kwamba mwaka huu, siku ya chama, kila chombo kitakwenda mpaka pipa jekundu lililotiwa nanga katikati ya bwawa, kilizunguke, kirudi. Atakayekataa atajitoa chamani kwa barua. Ilikuwa imebaki wiki mbili.

Kapteni alirudi nyumbani akipiga hesabu. Boti yake ilikuwa nzuri, ya mbao nyepesi, nyeupe na buluu, urefu wa mkono wa mtu. Lakini mota yake ya zamani ilikuwa ikikohoa hata pale bandarini. Ikizimika kwenye pipa, atalazimika kusimama mbele ya wanaume sita na kusema kile alichokimeza miaka sita. Baada ya hapo nani atamwita Kapteni? Angekuwa dobi mwenye kofia ya watu. Akaamua hivi: atanunua mota isiyozimika, na siri yake itazeeka pamoja naye.

Kesho yake alikuwa kwa Mama Waya. Mwanamke huyu aliuza waya, swichi, betri na kila kitu kinachoweza kumpiga mtu shoti. Alipanga juu ya kaunta mota tatu za kupachika, zile zinazoning'inia nyuma ya boti na kuzamisha pangaboi majini.

"Hii ndogo inakimbia," alisema. "Ukiifungulia boti inaruka."

"Sikuulizia mbio. Inazimika?"

"Hii ya pili ina kimrija. Inavuta maji ya bwawa, inajipoza yenyewe. Mwendo mrefu haichemki."

"Inazimika?"

"Na hii kubwa, usiiangalie sura. Pangaboi lake pana, inazunguka pole pole. Haina haraka na mtu."

"Mama Waya, swali langu ni moja."

"Kapteni, kila kitu huzimika. Hata mimi saa hizi za mchana huwa nazimika. Kwani unanunua mota au unaposa?"

Kapteni aliomba azichukue zote tatu akazijaribu, azirudishe mbili. Mama Waya akamwangalia.

"Na zikirudi zimeharibika?"

"Mimi ni dobi. Vitu vya watu navirudisha vilivyo."

"Na hiyo kofia?"

Kapteni aliigusa nanga, akatazama pembeni. Mama Waya alicheka mpaka akashika kaunta, akamfungia mota zote tatu kwenye mfuko. Akamtolea na wosia: apime shingo ya mota kabla ya kuifunga, pangaboi lote lizame chini ya ubao wa boti. Shingo ikiwa fupi pangaboi litapiga hewa, kelele nyingi na safari hakuna, mfano wa mikutano yao wenyewe pale bwawani.

Uani kwa dobi palikuwa na karo refu la saruji la kusuuzia. Huko ndiko mota zilikofanyiwa usaili, moja kwa siku, kuanzia duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa.

Jumatatu iliingia ile ndogo. Ilipiga yowe, ikarusha maji mpaka kwenye mashati yaliyokuwa yamekwisha pigwa pasi, na kabla ya saa nne ilikuwa imemeza soksi ya mwalimu mkuu. Ilijaribu kuitafuna, ikashindwa, ikatoa moshi. Mke aliinua soksi kwa vidole viwili, akaitazama juani.

"Mwambie alileta mguu mmoja," alisema.

Jumanne iliingia ile ya kimrija. Asubuhi ilikwenda vizuri, Kapteni akaanza hata kuimba. Kufika adhuhuri kimrija kilikuwa kimejaa povu na nyuzi za mataulo, mota ikachemka, ikanyamaza.

"Bwawani hakuna sabuni," Kapteni alijitetea.

"Kuna matope," mke alisema. "Bora hata sabuni."

Jumatano ikaingia ile kubwa yenye sura mbaya. Ilizunguka asubuhi. Ilizunguka mchana. Mke alitia shuka moja kuijaribu, halafu sita, halafu kumi na mbili za nyumba ya wageni, na zote zilikwenda zikizunguka taratibu ndani ya karo, zikatoka safi bila mtu kuinama. Alivuta kigoda, akakaa, akanyoosha miguu. Katika miaka thelathini ya ndoa Kapteni hakuwahi kumwona mkewe amekaa siku ya shuka.

"Hii haiendi popote," mke alisema.

"Mke wangu, hii ni mota ya chombo."

"Na karo si chombo?"

Walivutana mpaka chakula cha jioni. Mwisho wakapatana kwamba Kapteni ataiazima kwa Jumamosi moja tu, na ikirudi kutoka bwawani itafungwa karoni moja kwa moja. Kapteni aliapa. Wakati huo angeapa lolote.

Mota ilikuwa nzito. Alipoipachika, boti ililala nyuma ikainua pua juu, kwa hiyo alitafuta mfuniko wa pasi ya mkaa iliyokufa zamani, akaufunga mbele kwa ndani mpaka chombo kikakaa sawa. Shingo aliipima mara nne. Betri aliijaza mpaka taa ya chaja ikabadilika rangi, na bado akaiacha saa nzima zaidi kwa wasiwasi.

Siku mbili kabla ya siku ya chama Mwenyekiti alikuja dukani na tepe za chama, nyekundu, ndefu kuliko vyombo vyenyewe. Kila chombo kingepeperusha wake, alisema, na alitaka zifuliwe na kutiwa wanga zisimame vizuri. Alizungukazunguka, akashika pasi, akaiacha.

"Mota yako itafika pipa?" aliuliza, akiangalia dari.

"Kufika si hoja, Mwenyekiti. Hoja ni kurudi."

"Sawa kabisa. Mimi nimefunga mbili. Moja ikipatwa na dharura, ya pili inakaimu."

Kapteni alijilaumu usiku kucha kwa kutowaza mbili. Wala hakujiuliza Mwenyekiti, mtu aliyeandika Kifungu cha Nne kwa mkono wake, anaogopa dharura gani.

Jumamosi ilifika na jua lake. Mke wa Kapteni alifunga duka akaja naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alileta chupa ya chai, kitambaa cha kukalia na taulo kubwa. Kapteni aliona chai akafurahi, taulo hakuliuliza.

Vyombo saba viling'oa nanga pamoja, tepe zimesimama kwa wanga kama mikia ya majogoo. Kufikia nusu ya njia ya pipa, cha mwanachama mmoja, Fundi Saa, kiligeuka kikaanza kurudi. Fundi Saa alisema saa yake inaonyesha muda umekwisha. Vingine vinne vilikifuata kimoja kimoja, kila mwenye chombo akieleza sababu ambayo hakuna aliyemwomba. Wakabaki wawili.

Cha Mwenyekiti kilikuwa mbele. Kilifika, kikalizunguka pipa kwa madaha, watu wakapiga makofi. Kisha kikapunguza mwendo, kikatikisika, kikasimama. Mota mbili zilikuwa zimenyonya betri moja mpaka ikabaki ganda. Ile ya kukaimu ilizimika pamoja na mkubwa wake.

Mwenyekiti aliweka rimoti chini. Alivua viatu, akavipanga. Alivua soksi, akazikunja moja baada ya nyingine, akaziingiza viatuni. Alivua saa. Alivua shati, akalikunja kwa mikunjo ambayo dobi mwenyewe aliisifu moyoni. Alivua suruali, akatafuta mahali pasipo na vumbi pa kuilaza, akapakosa, akatafuta tena. Alibaki na kaptura na miwani, akitazama maji.

Kapteni aliyaona yale macho. Aliyajua. Kila Jumamosi kwa miaka sita yalikuwa yake.

"Mwenyekiti, usiingie," alisema kabla hajajishauri. "Mimi niko karibu na pipa. Nitakusukuma."

"Kifungu hakisemi..."

"Kifungu hakikatazi."

Mwenyekiti alikwenda kuvaa soksi mbio mbio. Kapteni aligeuza usukani wa rimoti, akaielekeza pua ya boti yake, ile yenye mfuniko wa pasi ndani, mpaka ikagusa boti iliyokufa. Mota ya sura mbaya ikaanza kusukuma. Polepole, bila haraka na mtu, vyombo viwili vilianza kuja nyumbani. Watu walishangilia. Fundi Saa alimpiga Kapteni begani. Na Kapteni, kwa mara ya kwanza tangu aivae ile kofia, alihisi inamtosha.

Ndipo utepe wa Mwenyekiti, uliokuwa umelala majini ubavuni, ukaingia kwenye pangaboi. Utepe wa kawaida ungekatika. Huu ulikuwa umetiwa wanga na mtu anayeijua kazi yake. Ulijizungusha, ukajisokota, ukaikaba mota isiyozimika, na mota ikazimika.

Boti mbili, katikati ya bwawa, zimefungana. Mwenyekiti alitazama soksi aliyokuwa amevaa mguu mmoja.

"Napendekeza kikao cha dharura," alisema. "Marekebisho ya Kifungu cha Nne. Akidi ipo."

"Chombo ni cha Kapteni pia," alisema Fundi Saa haraka. "Na yeye ndiye Kapteni."

Wote sita wakamgeukia. Kapteni alifungua kifungo cha kwanza cha shati. Akafungua cha pili. Kwenye cha tatu akakwama, maana aliona kwamba akiendelea atakunja suruali, na akimaliza suruali hakutakuwa na kitu kingine cha kukunja. Alivua kofia, akaishika kifuani.

"Jamani, mimi sijui kuogelea," alisema. "Sijawahi kujua. Hii kofia si yangu, ya mteja. Niiteni mnavyotaka."

Alingoja kicheko. Alichosikia ni Mwenyekiti akishusha pumzi ndefu, pumzi ya miaka.

"Hata mimi," alisema Mwenyekiti.

"Hata wewe? Si ndiwe uliyeandika kifungu?"

"Niliandika 'bila kumtuma mtu' ili msije mkanituma mimi."

"Mimi nilidhani ni mimi peke yangu," alisema Fundi Saa. "Mnajua kwa nini nina betri tatu?"

Mmoja baada ya mwingine walikiri, mpaka wa saba, na aliyekiri wa mwisho alilia kidogo kwa faraja. Chama kizima cha vyombo vya majini hakikuwa na hata mtu mmoja wa kuokoa bata. Walikuwa wamechagua mota, miaka yote hiyo, kwa woga uleule mmoja, kila mtu akijificha kwa mwenzake nyuma ya pangaboi. Ndipo walipoanza kucheka, na walicheka mpaka Mwenyekiti akakaa juu ya suruali yake iliyokunjwa.

Mke wa Kapteni alifunika chupa ya chai. Alijifunga nguo vizuri kiunoni, akampita mumewe, akaingia majini hatua tatu, nne, na hatua ya tano hakukanyaga tena chini. Alikwenda bila kurusha maji, mkono huu, mkono ule, kichwa kikigeuka upande kuvuta hewa. Kapteni alikuwa akimjua mkewe kwenye karo na kwenye pasi. Kule majini alionekana msichana, na Kapteni aliona fahari ikimjaa, na aibu kidogo, kwamba kwa miaka thelathini alimwacha mtu huyu nchi kavu.

Alirudi akivuta utepe mwekundu, boti mbili zikimfuata nyuma. Alipotoka aliwatupia utepe ukingoni.

"Nani aliyefunga utepe mrefu hivi karibu na pangaboi?" aliuliza.

Walikuwa wamesimama wima, wote, hata Mwenyekiti na soksi yake moja.

"Asante, shemeji," alisema Mwenyekiti. Kisha akajirekebisha, maana mtu wa mahakama hujua kumbukumbu zinaposomeka vibaya. "Asante, Kapteni."

Mume alisikia cheo chake kikihama. Alidhani itamuuma. Akachukua taulo, akamfunga mkewe mabegani, akamvalisha ile kofia kwenye nywele zilizolowa, na ikamkaa vizuri zaidi.

Jumatatu mota ilifungwa karoni, kama alivyoapa, na shuka zinazunguka mpaka leo. Boti ilitundikwa ukutani bila mota, chini ya tangazo la nguo zisizofuatwa. Sharti la Kapteni mpya lilikuwa moja: mota itarudi bwawani siku ambayo mumewe atalifikia pipa kwa miguu na mikono yake.

Jumamosi iliyofuata wanaume saba wenye kaptura walijipanga ukingoni wakingoja zamu, Mwenyekiti akishika orodha. Wa kwanza alikuwa dobi. Maji yalimfika kifuani, akasimama. Mkewe aliweka mkono chini ya tumbo lake, kofia imemkaa upande.

"Nyanyua miguu."

"Ngoja."

"Unaogopa nini?"

"Kuzimika katikati."

"Mume wangu," alisema, "chombo kikizimika majini, mwenye chombo atakifuata mwenyewe. Bila kumtuma mtu."

Dobi alinyanyua miguu.